Tiketi Moja au Mbili?

Swali: Msomaji wa Koboko anauliza iwapo abiria aendaye Minneapolis, Marekani, anunue tiketi moja kutoka Entebbe, au mbili za bei nafuu zinazokutana London.

Jibu: Tiketi moja ndiyo ya kuchaguliwa hata ikiwa ghali kidogo, kwa kuwa safari zote zikiandikwa pamoja, ndege ya kwanza ikichelewa na abiria akaikosa ya pili, ni wajibu wa shirika kumtafutia nyingine, ilhali mwenye tiketi mbili huhesabiwa kuwa hakufika na nauli yake hupotea. London ina mtego mwingine: mwenye pasipoti ya Uganda huhitaji viza ya kupitia, yaani kibali cha kubadilisha ndege tu, hata asipotoka uwanjani, isipokuwa ana msamaha, kama vile viza halali ya Marekani. Anayebadilisha ndege Addis Ababa au Doha bila kutoka uwanjani hana usumbufu huo.

Marekani mizigo huchukuliwa na kukaguliwa katika uwanja wa kwanza wa kuingilia, kwa hiyo muda wa chini ya saa mbili hapo ni kamari.

Wengi hupigia hesabu anga na kuisahau barabara. Kutoka Koboko hadi Arua ni kilomita zipatazo 55, na basi la kwenda Kampala bado lina karibu kilomita 500 mbele yake. Daraja la Karuma katika njia hiyo lilipofungwa mwaka 2024 kwa matengenezo, magari yalilazimika kuzunguka. Afadhali abiria alale Entebbe usiku mmoja kabla ya kuruka.