Kapteni Joubert wa Mpala: Mamlaka ya Kulinda Wanyonge

Barabara ya Bagamoyo inayopita hapa Mbezi Beach inaelekea mji ambako mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulianza safari ya kwenda Maziwa Makuu. Leo tunamtazama mlei aliyewafuata baadaye, Kapteni Léopold Joubert. Tunajiuliza: Mkristo aweza kushika silaha na utawala bila kujifanya bwana wa wenzake?

Askari wa Papa
Joubert alizaliwa Ufaransa mwaka 1842. Mwaka 1860 alijiunga na Wazuavi, askari wa kujitolea waliomlinda Papa, akatumikia hadi Roma ilipotekwa mwaka 1870. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alimtuma Ziwa Tanganyika kuwalinda watu waliokimbilia misioni kwa kuwaogopa wafanyabiashara wa watumwa.

Mtawala wa Mpala
Mwaka 1885 Mapadre walikabidhiwa ngome mbili za ziwani: Karema, upande wetu wa Tanzania, na Mpala, ng'ambo, katika Kongo ya leo. Joubert alifika Mpala mwaka 1887. Aliwafundisha vijana wa hapo ulinzi, akaamua kesi, akawa kama gavana. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnes Atakaye, binti wa Kiafrika. Dola ya Kongo ilipochukua utawala, hakurudi kwao. Alibaki na familia yake na watu wake hadi alipofariki mwaka 1927.

Funzo kwetu
Tusiifanye historia hii kuwa tamu kupita kiasi. Misioni yenye askari na mahakama iliweka njia panda: mwongofu angejuaje kama anamtii Kristo au anamtii mwenye bunduki? Kwa hiyo si bunduki tunayoirithi kwa Joubert. Tunarithi kubaki kwake. Gavana hukaa kipindi chake akaondoka. Yeye aliishi, akazeeka na kuzikwa kati ya wale aliowalinda. Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi (Mk 10:42-45).

Maswali ya kutafakari
1. Katika jumuiya yetu ndogo ndogo, ni nani anayehitaji kulindwa leo?
2. Nikipewa uongozi, watu hunitii kwa upendo au kwa hofu?
3. Cheo kikiisha, nitabaki nao?