Ruta ya Programu Huria: Igeuze Chini Usome Kibandiko

Kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta ya Arusha mjini, ruta huuzwa kwa antena. Yenye antena sita ni ghali kuliko yenye mbili, na sanduku limeandikwa kasi ambayo kifurushi chako hakitaifikia kamwe. Kwa anayetaka kufuta programu ya kiwandani na kuweka OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta, antena zisubiri kwanza. Habari anayoihitaji iko kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha chini ya ruta: jina kamili la modeli, na mbele yake toleo, ambalo mara nyingi huandikwa "Ver" na namba. Usitoe hela kabla hujakisoma.

Chukua TP-Link TL-WR841N, ruta ndogo ya bei nafuu ambayo wengi wameanza nayo. Toleo la 13 lina flashi ya MB 8 na RAM ya MB 64. Toleo la 14 lilikuja baadaye, likarudi nyuma: flashi MB 4, RAM MB 32. Jina ni moja, na mteja wa kawaida hawezi kuona tofauti. Lakini tangu OpenWrt 21.02 ilipotoka Septemba 2021, kiwango cha chini kabisa ni MB 8 za flashi na MB 64 za RAM. Toleo jipya limeachwa nje, la zamani limeingia kwa kubanwa: litawaka na kufanya kazi, ila ukitaka kuongeza programu ya kugawa kasi, nafasi imekwisha. Anayenunua leo asishuke chini ya flashi MB 16 na RAM MB 128. Mfuko ukiruhusu, RAM MB 256 itakufikisha mbali zaidi.

Tovuti ya openwrt.org ina jedwali la vifaa vyote vinavyokubali programu hiyo, toleo kwa toleo. Lifungue kwenye simu ukiwa umesimama dukani. Huna haja ya kuona aibu. Na kama unaagiza Kariakoo mzigo upandishwe basi la kuja Arusha, mwambie muuzaji waziwazi: "Kaka, naomba unipigie picha ya chini ya ruta yenyewe, panapoandikwa Ver." Picha ya sanduku haitoshi. Akikutumia kwenye WhatsApp ukalinganisha na jedwali, ndipo utume pesa. Kurudisha mzigo Dar es Salaam kwa sababu ya namba moja ni gharama ambayo picha moja ingeizuia.

Baada ya toleo, uliza chipu. Zenye chipu za MediaTek na Qualcomm Atheros ndizo zinazoelewana vizuri na OpenWrt. Za Broadcom zina tatizo la waifai, kwa sababu kampuni haikutoa wazi programu ya kuziendesha, na matokeo yake ni ruta inayopitisha intaneti kwenye waya vizuri huku waifai ikichechemea. Ajabu ni kwamba historia yote hii ilianzia kwenye ruta ya Broadcom, Linksys WRT54G, iliyotoka mwishoni mwa 2002. Watu waligundua kuwa ndani yake kuna Linux, leseni yake ikailazimu kampuni kutoa msimbo mwaka 2003, na mwaka uliofuata OpenWrt ikaanza. Jina lenyewe linaibeba ruta hiyo mpaka leo.

Sasa tuje kwenye sababu ya kufanya haya yote, maana ndiyo itakayokuonyesha ununue prosesa ya nguvu gani. Nyumba nyingi za Arusha zinatumia intaneti ya laini ya simu, na zilizofikiwa na faiba zinalipia kasi ya wastani. Familia ni kubwa, na mara nyingi wapangaji wa nyumba ya uani wamo humo humo. Jioni kijana mmoja anapandisha video, na mama, anayeongea na binti yake aliyeko Muscat, anasikia sauti ikikatika vipande vipande. Bando lipo, ukipima kasi unaiona, lakini maongezi hayaendi. Kinachotokea ni foleni. Modemu inapokea data nyingi kuliko inavyoweza kutoa, inaipanga ndani yake, na vipande vidogo vya sauti vinasubiri nyuma ya video nzima.

OpenWrt ina dawa ya ugonjwa huu, iitwayo SQM, na ndani yake kanuni ya kupanga foleni iitwayo CAKE. Unaiambia ruta kasi ya laini yako, ukiipunguza kidogo, tuseme asilimia 85 au 90 ya ile uliyopima, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yako badala ya kwenye modemu. Hapo ruta inampa kila mtumiaji zamu yake, na sauti haisubiri tena video. Kwa laini ya simu, ambayo kasi yake hupanda na kushuka, pima jioni wakati watu wengi wapo mtandaoni, uweke namba ya chini. Kwangu mimi hili pekee linatosha kuhalalisha usumbufu wote. Nyumba ya Mbps 10 iliyopangwa vizuri inakalika kuliko ya Mbps 50 ambayo kila mtu anamsukuma mwenzake.

Ila kazi hiyo inafanywa na prosesa yenyewe. Zile njia za mkato za kiwandani, ambazo hupitisha data bila kuigusa prosesa, huzimwa SQM inapowashwa. Ndiyo maana ruta iliyoandikwa gigabiti inaweza kuishiwa pumzi mapema sana. Ruta yenye MediaTek MT7628, prosesa ya MHz 580, inatosha kwa laini ya makumi machache ya Mbps. Yenye MT7621, au Qualcomm kama ile ya Archer C7, inafika Mbps 100 bila kulalamika. Ukivuka hapo, tafuta zile zenye prosesa mpya za ARM kama MT7622 na MT7981. Nunua kwa kasi unayolipia sasa na ile unayotegemea kulipia miaka mitatu ijayo, basi.

Kwa majina: Archer C7 toleo la 2 au la 5, yote flashi MB 16 na RAM MB 128, ni mtumba wa kuaminika. Xiaomi Mi Router 4A ya gigabiti ina MT7621 na kumbukumbu hizo hizo, lakini kuifungua kunahitaji hatua za ziada kwenye kompyuta, na matoleo ya baadaye yana vipuri tofauti. Ile isiyo ya gigabiti ni ruta nyingine kabisa yenye RAM MB 64. Chumba kimoja au ofisi ndogo itatosheka na GL.iNet MT300N-V2, inayokuja na programu iliyojengwa juu ya OpenWrt tangu kiwandani, ingawa waifai yake ni ya GHz 2.4 tu. Na mwenye uwezo aitazame OpenWrt One, iliyotoka Novemba 2024 kwa dola 89 kabla ya usafiri na kodi. Ina RAM ya GB 1 na flashi ya pili ya akiba, hivyo hata ukiharibu programu unaifufua kwa kubadili swichi. Inatengenezwa na Banana Pi, na sehemu ya kila mauzo huchangia mradi wenyewe.

Wapo watakaokushauri utumie kompyuta ya mezani ya mtumba kama ruta. Inaweza, tena kwa nguvu nyingi, lakini fungua LUKU kwanza upige hesabu. Kompyuta ya wati 30 ikiwaka mchana na usiku hula uniti 21 na ushee kwa mwezi. Ruta ya wati 6 hula uniti 4 na kidogo. Kwa nyumba iliyo kwenye tarifu ya D1, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, kompyuta hiyo imekula zaidi ya robo kabla hujawasha taa. Raspberry Pi 4 haili umeme hivyo, lakini ina tundu moja tu la waya wa mtandao, na kadi yake ya kumbukumbu haipendi umeme unaokatika ghafla.

Umeme ukikatika, volti iliyoandikwa kwenye adapta ndiyo itakayoamua kama mnabaki hewani. Ruta ya volti 12 unaweza kuilisha kwa betri ndogo ya volti 12 na Ah 7, aina ile inayokaa kwenye mitambo ya kengele na uzio wa umeme. Betri hiyo ina Wh 84. Ukitumia nusu ili isife mapema, ruta ya wati 6 inakaa saa 7. Tahadhari: betri ikiwa inachajiwa hupanda hadi volti 14 na zaidi, kwa hiyo weka kidhibiti volti katikati, au nunua UPS ndogo za ruta zenye matundu ya volti 9 na 12. MikroTik hAP ac2 haina shida hiyo, kwani adapta yake ni ya volti 24 na inapokea kuanzia 12; RouterOS inayokuja nayo si huria, lakini kifaa chenyewe kinakubali OpenWrt. GL.iNet ndogo inakula volti 5, hata pawabanki inaiwasha. Na usibadilishane adapta kwa sababu pini zinaingia: TL-WR841N ni ya volti 9, na ukiichomeka ya 12 unaweza kuiunguza.

Ruta za kampuni za simu zimefungwa, na nyingi hazifunguliki. Usipoteze wiki nazo. Ziache zilete intaneti, halafu chomeka ya kwako nyuma yake kwa waya. Kama unataka laini ya pili ya akiba, chagua ruta yenye tundu la USB: modemu kama Huawei E3372 inaingia hapo, na programu ya mwan3 inahamisha nyumba nzima faiba inapokata.

Kwa nyumba za Ilboru, Moshono au Ngaramtoni, zenye kuta za tofali nene na nyumba ya uani iliyoezekwa mabati, ruta moja ya antena nane haitamfikia mpangaji. Ruta mbili za bei ya kati zilizounganishwa kwa waya zitamfikia. Ila waya wa shaba unaotoka jengo moja kwenda jingine huvuta radi, na masika tunazijua radi za Meru. Ukiweza, pitisha faiba kati ya majengo. Ukishindwa, chomoa waya mvua inapoanza kunguruma.

Usisahau sheria. Vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe na idhini ya TCRA, kwa hiyo muulize muuzaji, hasa kama kifaa kimepita Namanga. Kwenye mipangilio ya waifai chagua nchi TZ ili ruta ibaki kwenye masafa yanayoruhusiwa hapa. Na kama kilichokuvuta ni VPN, kumbuka tangazo la TCRA la Oktoba 2023 lililowataka wanaoitumia kikazi kutoa taarifa zao.

Siku ya kuweka, pakua kila kitu kabla hujagusa ruta, maana ukishaifuta huenda huna intaneti nyingine. Kwenye firmware-selector.openwrt.org unaandika modeli na toleo, unaongeza majina ya programu unazotaka, ikiwemo ile ya kusoma modemu ya USB, na unapewa faili moja yenye vyote. Hakiki alama yake ya sha256. Tumia waya, na ruta iwe kwenye UPS. Ikimaliza itajibu kwenye 192.168.1.1 na waifai ikiwa imezimwa, uiwashe mwenyewe baada ya kuweka nenosiri. Boksi nyingi za faiba nazo hutumia anwani hiyo hiyo, kwa hiyo badilisha ya kwako, iwe 192.168.10.1, kabla hujaziunganisha.