Hifadhi ya Nyumba za Ibada na Fedha za Serikali

Huruma ni mtaa wa mji wa Eldoret, mbali na pwani yetu, lakini jina lake ni neno la lugha yetu, na somo la leo laanzia huko. Mwisho wa mwezi wa Disemba 2007, yalipotangazwa matokeo ya uchaguzi wa Rais, mitaa na mashamba yaliyouzunguka mji ule yaliingiwa na moto na mapanga. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ilipoandika mashitaka yake juu ya mambo hayo, iliitaja Huruma pamoja na Kiambaa, Kimumu, Langas na Yamumbi. Kesi hiyo ilivunjwa Aprili 2016 pasina mtu kuhukumiwa, lakini majina ya mitaa yamebaki katika kumbukumbu.

Huko Kiambaa, siku ya 1 Januari 2008, watu waliokuwa wakikimbia, wengi wao wanawake na watoto, waliingia katika kanisa la Kenya Assemblies of God wakidhani kwamba hapana mwenye kuthubutu kuigusa nyumba ya ibada. Kanisa likatiwa moto nao wamo ndani. Tume ya Jaji Philip Waki iliandika kuwa watu 17 waliteketea mumo humo, na 11 wakafa hospitali au njiani wakipelekwa. Ziko hesabu nyingine zifikazo 35 na kuzidi. Aprili 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachia huru washitakiwa wanne kwa kukosekana ushahidi.

Huenda mtu akauliza: kanisa la bara lina nini nasi? Amwendee mwalimu wake amsomeshe aya ya 40 ya Suratul Hajj pamoja na tafsiri yake. Humo Mwenyezi Mungu amezitaja nyumba za watawa, na makanisa, na masinagogi, na misikiti, zote katika mpango mmoja, na akabainisha kuwa lau watu wasingezuiwa wao kwa wao, nyumba hizo zingebomolewa. Msikiti haukutajwa peke yake. Na imesimuliwa kuwa Sayyidna Umar alipoingia Baitul Muqaddas aliwapa watu wa mji amani ya nafsi zao na makanisa yao, akakataa kusali ndani ya kanisa lao kuu, asije mtu baada yake akalifanya ni haki ya Waislamu. Basi mwenye kufikiri kuwa kulilinda kanisa si jambo la dini yetu, hajaisoma dini yetu vizuri.

Tena tutazame jambo moja ambalo wengi hulipita. Ugomvi wa Kiambaa haukuwa wa dini. Ulikuwa wa kabila, na siasa, na ardhi. Chuki haikulitafuta kanisa. Iliwatafuta watu, ikawakuta kanisani. Kwa hiyo tusemapo hifadhi ya jengo twakusudia hifadhi ya roho zilizomo. Siku zizo hizo Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Eldoret liliwapa maelfu ya watu mahali pa kulala. Siku ya fitina, nyumba ya ibada ndiyo kimbilio la mtaa mzima, hata la wale wasioijua kibla wala msalaba.

Serikali yetu ilifanya nini? Ililipa, lakini baada ya moto. Mwaka 2008, katika mpango ulioitwa Rudi Nyumbani, ilitangazwa shilingi 10,000 kwa kila jamaa iliyohamishwa, na 25,000 kwa ambao nyumba zao ziliteketezwa. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha mbele ya Bunge, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa miaka iliyopita. Hatuyadharau hayo. Ila shilingi 25,000 hainunui mabati ya nyumba ya vyumba viwili, seuze roho.

Ziko nchi ambazo Serikali hulipa kabla. Nasi tuna jamaa zetu waliokwisha kuonja sababu yake. Watu wa Barawa, ambao Chimwiini chao ni lahaja ya Kiswahili, walikimbia vita vya Somalia, na baadhi yao wakafanya makao London. Katika mtaa wa Muswell Hill walikuwa na nyumba yao ya mikutano, na humo wakisomesha watoto. Alfajiri ya 5 Juni 2013, majuma mawili baada ya askari mmoja kuuawa barabarani huko Woolwich, nyumba hiyo iliteketea, na ukutani zikakutwa herufi za chama cha wapinga Uislamu. Wabarawa hawakumwua askari yule. Wala hawakuulizwa. Ramadhani ilipoingia, Mayahudi wa sinagogi la Finchley waliwafungulia milango yao wapate mahali pa kufuturu.

Serikali ya Uingereza hivi sasa ina ruzuku maalumu za kazi hii. Machi 2024 ilitangaza pauni milioni 117, kwa muda wa miaka minne, kwa misikiti, shule za Kiislamu na nyumba za jumuiya zao: kamera, ving'ora, nyua na walinzi. Mayahudi nao wana fungu lao, na dini nyingine fungu lao. Canada ilianza mpango kama huo mwaka 2007, na kwa miaka mingi kanuni yake ilikuwa Serikali kulipa nusu ya gharama na jumuiya kulipa nusu. Kanuni hiyo ya nusu kwa nusu yatupendeza. Asiyetoa chochote hakitunzi apewacho.

Je, yafaa kutaka jambo hili Kenya? Wako watakaosema Katiba yakataza, kwani kifungu cha 8 chasema hapana dini ya Serikali. Na ni kweli kuwa Sheria ya Mfuko wa Maendeleo ya Maeneobunge ya 2015 ilizuia fedha zake zisitumiwe kusaidia vyama vya siasa wala jumuiya za dini. Lakini sheria iyo hiyo iliruhusu kujenga vituo vya polisi. Basi tutenganishe. Zulia la msikiti ni ibada, nalo ni juu yetu. Taa ya njia iendayo msikitini, ukuta uzuiao mtu mwenye petroli, mlinzi asimamaye mlangoni siku ya Ijumaa au Jumapili, hayo ni amani ya raia, na amani ya raia ndiyo kazi ambayo kodi hutozwa. Kanuni za Adhabu katika kifungu cha 332 zimemwekea mwenye kuchoma jengo kifungo cha maisha. Serikali iliyo tayari kumlisha mhalifu gerezani umri wake wote haishindwi kununua mtungi wa kuzimia moto. Sharti letu ni moja: fungu liwe la wote, la kanisa la Huruma, na msikiti wa Mombasa, na hekalu la Wahindi, kwa kipimo cha hatari wala si cha wingi wa kura.

Sasa tuitaje hofu iliyomo vifuani mwa watu wa Mombasa, kwani kuificha si uaminifu. Novemba 2014 polisi waliingia Masjid Musa na Masjid Sakina, wakakamata watu kwa mamia, na misikiti ikafungwa kwa muda. Mtu aliyeyaona hayo akiambiwa kuwa Serikali yataka kumtilia kamera mlangoni, atauliza kamera hiyo yamtazama nani. Suala lake ni la haki. Jawabu letu ni kuwa picha ziwe mikononi mwa halmashauri ya msikiti, kwa mapatano yaliyoandikwa, na polisi wazipate kwa amri ya mahakama. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 imetupa pa kushika. Ikiwa sharti hilo litakataliwa, tuiache kamera na tuchukue ukuta.

Wala tusidhani kuwa mlinzi wa Serikali atosha. Huko Garissa, tarehe 1 Julai 2012, kanisa la AIC lilikuwa na polisi wawili mlangoni. Wao ndio waliouawa kwanza, na bunduki zao zikachukuliwa. Siku ile walikufa watu wapatao 17. Baadaye viongozi wa Kiislamu walipatana kuwatoa vijana wa Kiislamu wayalinde makanisa pamoja na Wakristo. Jambo hili halikuhitaji ruzuku. Jirani humjua mgeni wa mtaa kabla polisi hajamjua.

Imebaki aibu yetu wenyewe. Mara ngapi tumechangia minara, na vioo vya rangi, na taa za kuning'inia, na msikiti una mlango mmoja? Mahali pa wanawake hupandiwa kwa ngazi nyembamba, na kitasa hufungwa kwa nje ati watoto wasishuke. Mwenye kufanya hivi ameisahau Kiambaa. Mlango wa pili ufungukao kwa nje, na ndoo za mchanga, hazingoji Serikali. Na Serikali ikija kesho na fungu lake itauliza hati ya ardhi, cheti cha kuandikishwa, majina ya halmashauri na hesabu ya fedha. Ni misikiti mingapi yetu ambayo hati yake imo sandukuni mwa mtu aliyekwisha kufa, na hesabu zake zimo kichwani mwa mtu mmoja?

Kwa hivyo wanafunzi wa darasa hili, kila mmoja katika msikiti wa mtaa wake, ahesabu milango, atazame hufungukia wapi, aulize hati iko kwa nani, na alete majibu Alhamisi ijayo baada ya sala ya Isha. Tutayaandika katika daftari, kisha tutasoma mlango wa wakfu na wajibu wa msimamizi wake.