Anza na Waya wa Ardhi: Kufunga Pikapu kwenye Gitaa Ulilochonga Mwenyewe

Nimeketi na vijana kadhaa hapa Isiolo waliokuja na gitaa walilochonga wenyewe, mwili wa mti wa mukima ulioshushwa kutoka Meru au mbao za paleti zilizogundishwa, shingo imenyooka, daraja limekaa sawa. Ukifungua kifuniko cha nyuma unakuta nyaya zimesukwa kama kiota cha mnana. Gitaa ni bubu, au linavuma kama mzinga wa nyuki. Mchongaji amekata tamaa, anadhani pikapu imekufa. Mara nyingi pikapu ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni njia ya umeme kurudi. Gitaa langu la kwanza lilikaa kimya wiki mbili kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana mwongozo huu unaanza na waya ambao wengi huufunga mwisho.

Pikapu ninayoizungumzia si ile gari inayobeba mbuzi kwenda sokoni. Ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, unene wake kama milimita 0.06, mizunguko 7,000 hadi 8,000 kwa pikapu ya koili moja. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, uga wa sumaku nao unatikisika, na ndani ya koili unazaliwa umeme mdogo sana. Umeme huo unatoka kwa waya mmoja na lazima urudi kwa mwingine. Waya wa kutoka nitauita waya wa sauti. Wa kurudi ni waya wa ardhi.

Kutokana na hayo, uzi wa nailoni hausikiki hata ukipigwa kwa nguvu kiasi gani. Kabla ya kununua chochote, chukua sumaku ya spika mbovu uisogeze kwenye nyuzi zako. Zikivutwa, zinafaa. Hata nyaya za breki ya baiskeli, ambazo wachongaji wengi wa Afrika wamezitumia kama nyuzi, hufanya kazi kwa kuwa ni chuma.

Hatua ya kwanza: kusanya vifaa na uvipime

Unahitaji pikapu moja, poti mbili, yaani vipinga vya kuzungusha (moja ya sauti, moja ya toni), kapasita moja, jeki ya robo inchi, waya laini wa rangi mbili, lehemu yenye utomvu ndani, chuma cha kulehemu, na mita ya kupimia umeme. Kama mafundi wa redio hapa mjini hawana, agiza Nairobi, kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue. Kifurushi kinafika kwa matatu.

Kuhusu poti, kuwa mwangalifu sana. Fundi wa redio atakupa kwa moyo mweupe poti aliyoitoa kwenye redio ya zamani, nayo itazunguka vizuri na kuingia kwenye tundu. Lakini poti nyingi za redio za transista ni za kiloomu 10 au 50. Ukiifunga kwenye gitaa, sauti itakuwa nzito na butu kana kwamba umelifunika blanketi, kwa sababu poti ndogo inanyonya sauti za juu kabla hazijafika kwenye amplifaya. Pikapu ya koili moja inataka poti ya kiloomu 250. Ile ya koili mbili zilizowekwa bega kwa bega, iitwayo hambaka, inataka 500. Tafuta poti yenye herufi A kabla ya namba, kama A250K. Herufi hiyo kwa kawaida ina maana kwamba sauti itapanda taratibu sikioni badala ya kuruka ghafla.

Kapasita ya koili moja ni ile iliyoandikwa 473, ya hambaka ni 223. Haina upande wa chanya wala hasi, ifunge vyovyote.

Sasa shika mita, uiweke kwenye kiloomu, gusa nyaya mbili za pikapu. Koili moja nzima husoma kati ya 5 na 8 hivi, na hambaka kati ya 7 na 16. Mita isiposoma kitu, waya wa ndani umekatika. Ikisoma karibu na sifuri, mahali fulani nyaya zimegusana. Dakika hii moja ya kupima inakuokoa jioni nzima ya kulaumu mahali pasipo na kosa.

Hatua ya pili: fanya kazi nje ya gitaa

Usilehemu ndani ya tundu la mbao. Kata kipande cha katoni, toboa matundu kwa umbali ule ule ulio kwenye gitaa, chomeka poti zako hapo na uzikaze. Sasa una meza ndogo ya kufanyia kazi, na vanishi yako haitaungua. Kazi ikikamilika unahamisha kila kitu kwa pamoja.

Hatua ya tatu: ardhi

Geuza katoni uone migongo ya poti. Migongo hiyo ya bati ndiyo kituo kikuu cha ardhi. Ikwangue kwa msasa mpaka ing'ae, maana lehemu haishiki kwenye bati lenye kutu, mafuta au vumbi, na vumbi la Isiolo linaingia kila mahali. Chuma cha kulehemu cha wati 40 kinatosha. Kile kidogo cha simu kitakusumbua, kwa kuwa mgongo wa poti unameza joto. Pasha bati kwanza, kisha gusisha lehemu kwenye bati lenyewe, si kwenye ncha ya chuma. Ikiyeyuka na kutandaa kama maji juu ya sahani, imeshika. Ikisimama kama tone la nta, haijashika, pasha tena. Lehemu isiyoshika ndiyo inayolifanya gitaa likatike sauti katikati ya wimbo na kurudi ukilipiga kofi.

Unganisha mgongo wa poti ya sauti na mgongo wa poti ya toni kwa kipande kimoja cha waya. Kisha lehemu kwenye mgongo wa poti ya sauti nyaya nyingine tatu: ule wa ardhi kutoka pikapu, ule utakaokwenda kwenye jeki, na mrefu mmoja utakaopita kwenye kitundu hadi chini ya daraja la chuma. Huu wa daraja watu wengi huuacha kwa sababu gitaa linalia hata bila huo. Linalia, lakini linavuma. Mwili wako unadaka mawimbi ya umeme wa nyumba, yale ya hezi 50, na kuyaleta kwenye nyuzi. Daraja likiunganishwa na ardhi, vidole vyako vikigusa nyuzi mvumo unapungua papo hapo. Hiyo pia ni njia ya kupima kazi yako: ukigusa nyuzi na mvumo ukapungua, waya wa daraja umeshika.

Hatua ya nne: njia ya sauti

Itazame poti ya sauti kwa nyuma, miguu yake mitatu ikielekea chini. Mguu wa kushoto unapokea waya wa sauti kutoka pikapu. Wa katikati unapeleka sauti kwenye jeki. Wa kulia upinde mpaka uguse mgongo wa poti, uulehemu hapo. Kama huamini macho yako, zungusha poti mpaka mwisho wa chini, upime mguu wa katikati na kila mguu wa pembeni. Unaosoma karibu na sifuri ndio wa ardhi. Ukikosea hapa hakuna kitu kitakachoharibika, ila gitaa litapanda sauti ukishusha na kushuka ukipandisha.

Poti ya toni: vuta waya kutoka mguu wa kushoto wa poti ya sauti hadi mguu wa katikati wa poti ya toni. Kapasita iende kutoka mguu wa kulia wa toni hadi mgongoni mwake. Mguu wa kushoto unabaki mtupu.

Jeki ina ulimi mrefu unaogusa ncha ya plagi, na mkono mfupi ulioshikana na pete ya kati. Chomeka plagi utazame. Ulimi wa ncha ni wa sauti, pete ni ya ardhi.

Kabla hujafunika

Washa amplifaya kwa sauti ya chini, chomeka kebo, gongagonga pikapu taratibu kwa bisibisi ya chuma. Ukisikia tok tok, njia nzima iko hai. Usiposikia, shika mita na ufuate njia kutoka jeki kurudi nyuma, kiungo kimoja baada ya kingine. Usifumue kila kitu.

Kama ni pikapu mbili

Ongeza swichi ya njia tatu. Waya wa sauti wa kila pikapu uende kwenye mguu wake wa swichi, na mguu wa pamoja uende kwenye mguu wa kushoto wa poti ya sauti. Ardhi zote zirudi mgongoni kama kawaida.

Zikilia pamoja na sauti ikawa nyembamba, ya puani, kana kwamba besi imenyang'anywa, pikapu zako zinavutana: moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Badilisha nyaya mbili za pikapu moja tu, ya sauti iwe ya ardhi na ya ardhi iwe ya sauti. Hakikisha kwanza kwamba kifuniko cha chuma cha pikapu hiyo hakijaunganishwa na waya unaougeuza.

Sauti hiyo nyembamba ina wapenzi wake. Brian May, mpiga gitaa wa Queen, bendi ya Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alianza kutengeneza gitaa lake akiwa kijana mwaka 1963 pamoja na baba yake, shingo ikichongwa kutoka mbao za meko ya zamani. Pikapu zake za kwanza alijitengenezea mwenyewe, kisha akanunua tatu za kiwandani. Kila moja aliiwekea swichi yake ya kuwasha na nyingine ya kugeuza nyaya, ili achague lini zisaidiane na lini zipingane. Gitaa hilo la nyumbani ndilo alilopiga kwenye rekodi nyingi za Queen. Huko Kinshasa nako, bendi ya Konono No. 1 walipaza sauti ya likembe, ala inayopigwa kwa vidole gumba, kwa maikrofoni walizozitengeneza wenyewe kwa sumaku za vyuma chakavu vya magari. Nawataja kwa sababu kijana anayeomba msamaha kwa kuwa gitaa lake si la dukani hana la kuombea msamaha.

Kuzuia mvumo

Pikapu ya koili moja itavuma kidogo karibu na jenereta au taa za mirija. Tandika foili ya alumini ya jikoni ndani ya tundu lote, gundi nyembamba, vipande vikipandiana na kugusana. Lehemu ya kawaida haishiki kwenye alumini, kwa hiyo kaza skrubu ndogo ipite kwenye foili, uzungushie waya wa ardhi uliomenywa ganda, ukaze. Angalia foili isiguse mguu wowote wa sauti. Ikigusa, gitaa litanyamaza kabisa.

Rekebisha pia urefu wa pikapu. Bonyeza uzi kwenye mstari wa mwisho wa shingo na uache milimita 2 hadi 3 kati ya uzi na sumaku. Ikikaribia zaidi, sumaku inauvuta uzi na noti zinapotoka hata kama umetyuni vizuri.

Na jambo hili usiliruke

Umeme wa pikapu hauwezi kumdhuru mtu. Lakini tumeunganisha nyuzi na ardhi ya amplifaya, na amplifaya imechomekwa kwenye volti 240. Kwenye harusi na mikutano ya injili nimeona plagi iliyong'olewa pini ya tatu ili iingie kwenye soketi mbovu, au nyaya za kuongezea zilizofungwa ncha mbili tu. Hapo amplifaya ikiwa na hitilafu, umeme unaweza kukaa kwenye nyuzi, na mwimbaji anayepiga gitaa akigusa maikrofoni kwa mdomo unapita mwilini mwake. Usipige kwa amplifaya iliyoundwa kuwa na pini ya ardhi lakini pini hiyo imeng'olewa. Kabla ya onyesho lolote la jenereta, weka mita kwenye volti za umeme wa nyumba, kijiti kimoja kwenye uzi wa gitaa, kingine kwenye wavu wa maikrofoni. Ikisoma zaidi ya volti chache, zima kila kitu mpaka fundi wa umeme aifunge ardhi sawasawa, hata kama bwana harusi yuko mlangoni.

Ukimaliza, hamisha poti kutoka kwenye katoni, kaza nati, funga kifuniko. Kile kipande cha katoni usikitupe. Andika juu yake rangi ya kila waya na mahali ulipofungwa, ukihifadhi ndani ya mkoba wa gitaa, maana siku swichi itakapoanza kukwaruza kwa vumbi utakihitaji.