Kikulacho ki Nguoni Mwako: Homoni, Estrojeni za Mazingira na Afya ya Uzazi ya Mwanamke

Utangulizi

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutajwa ndugu anapomsaliti nduguye au rafiki anapomgeuka rafikiye. Katika makala haya tunaitumia kwa maana iliyo karibu zaidi na nguo yenyewe. Ndani ya chombo cha chakula, katika dawa ya wadudu na hata katika dawa ya nywele, zipo kemikali ambazo mwili wa mwanamke huweza kuzipokea kana kwamba ni zake. Wanasayansi huziita estrojeni za mazingira.

Huenda msomaji akauliza: mwanafasihi anatafuta nini katika shamba la mwanakemia? Jibu letu ni kwamba suala la afya huwa pia suala la lugha. Mtu asiyekuwa na jina la kitu kinachomdhuru hana njia ya kuuliza habari zake. Kwa hivyo, makala haya yanakusudia kueleza jinsi homoni za uzazi zinavyofanya kazi, jinsi estrojeni za mazingira zinavyoivuruga kazi hiyo, na wajibu wa mwanafunzi wa Kiswahili katika jambo hili.

Homoni ni Nini?

Neno hili lilianza kutumiwa mwaka wa 1905 na Ernest Starling, mwanafiziolojia wa London, kutokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuamsha au kusukuma. Katika Kiswahili tunalo neno 'homoni' lililotoholewa, na baadhi ya waandishi hutumia 'kichocheo'. Istilahi hii ya pili ina sifa njema, kwani humpa fununu ya maana hata asiyesoma biolojia. Hata hivyo, ina kasoro mbili. Kwanza, katika kemia kichocheo ni kitu kinachoharakisha mmenyuko. Neno moja basi linabebeshwa dhana mbili. Pili, na hili ndilo kubwa, homoni haichochei tu, bali pia hutuliza na kuzuia.

Tuchukue mfano wa mzunguko wa hedhi, ambao kwa mwanamke mzima huchukua kwa kawaida kati ya siku 21 na 35. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni inayoziagiza ovari zikomaze yai. Ovari nazo hutoa estrojeni, ambayo hujenga utando wa ndani wa mji wa mimba. Estrojeni hiyo hiyo hurudisha habari kwenye ubongo. Kwa sehemu kubwa ya mzunguko huizuia pituitari isizidishe kazi, lakini inapofikia kilele chake huifanya itoe amri ya ovari kuliachilia yai. Yai likishatoka, projesteroni huutuliza na kuutayarisha ule utando. Mimba isipotunga, homoni hizi mbili hushuka na hedhi huja. Ni dhahiri basi kwamba homoni ni mjumbe: wakati mmoja huleta amri ya kuanza, wakati mwingine amri ya kukoma.

Mjumbe huyu husafiri ndani ya damu, akapita seli nyingi bila kusemeshwa. Hupokewa tu na seli zenye vipokezi vyake. Tunaweza kusema kwamba estrojeni hupiga hodi, na kipokezi kinachoitambua sauti hiyo hujibu karibu. Isitoshe, hodi yenyewe ni ya kunong'ona. Estrojeni katika damu hupimwa kwa pikogramu, yaani sehemu moja ya trilioni ya gramu, katika kila mililita. Mwili uliozoea kusikia mnong'ono hauhitaji kelele ili upotoshwe.

Zimwi Linaloiga Sauti

Katika ngano zetu nyingi, zimwi halivunji mlango. Huiga sauti ya mama, na watoto wakafungua wenyewe. Estrojeni za mazingira hutenda vivyo hivyo. Baadhi yake hujibandika kwenye kipokezi na kutoa amri ambayo mwili haukuitoa. Nyingine hukikalia kipokezi na kuizuia estrojeni halisi isisikike.

Jambo hili lilidhihirika kwa njia isiyotarajiwa katika maabara ya Ana Soto na Carlos Sonnenschein katika Chuo Kikuu cha Tufts, Boston. Walikuwa wakikuza seli za saratani ya matiti ambazo huongezeka zinapopata estrojeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 seli hizo zilianza kuongezeka hata pale ambapo hapakuwa na estrojeni yoyote. Baada ya uchunguzi mrefu waligundua kwamba mhalifu alikuwa kemikali ya nonilifenoli iliyochuja kutoka kwa vichupa vya plastiki walivyotumia, na mwaka wa 1991 wakatangaza matokeo yao.

Kemikali nyingine ni bisfenoli A. Tangu mwaka wa 1936, Charles Dodds na Wilfrid Lawson wa London walikuwa wameonyesha kwamba ina tabia ya estrojeni. Pamoja na hayo, miaka iliyofuata ilitumiwa kutengeneza plastiki ngumu inayong'aa na utando wa ndani wa mikebe ya vyakula. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika chupa za watoto mwaka wa 2011, na mwishoni mwa mwaka wa 2024 ukapitisha sheria ya kuiondoa katika vifaa vinavyogusana na chakula. Maarifa yalitangulia, tahadhari ikafuata baada ya miongo mingi.

Funzo la DES

Mfano ulio wazi kuliko yote haukutoka katika plastiki bali katika dawa. Mwaka wa 1938, Dodds yuyo huyo na wenzake walitengeneza estrojeni ya maabara iliyoitwa diethilistilbestroli, kwa ufupi DES. Kuanzia miaka ya 1940 madaktari wa Marekani waliwapa wajawazito dawa hiyo kwa imani kwamba ingezuia mimba kuharibika. Mwaka wa 1953 utafiti wa William Dieckmann na wenzake mjini Chicago ulionyesha kwamba haikuwa na faida hiyo. Hata hivyo, iliendelea kutolewa kwa takribani miaka 18 zaidi.

Mwezi wa Aprili 1971, madaktari Arthur Herbst, Howard Ulfelder na David Poskanzer wa Boston waliripoti habari za wasichana 8 waliopatwa na saratani ya uke, ugonjwa ambao ni nadra mno katika umri wao. Mama 7 kati ya 8 wa wasichana hao walikuwa wamemeza DES wakiwa wajawazito. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba wajawazito wasipewe dawa hiyo. Baadaye ilibainika kwamba saratani hii humpata takribani binti 1 kati ya 1,000 waliofikiwa na DES tumboni. Walio wengi zaidi walipata shida nyingine: ugumu wa kushika mimba, mimba kutunga nje ya mji wa mimba, na kuzaa kabla ya wakati.

Kisa hiki kina mafunzo mawili ya kisayansi. La kwanza ni kwamba wakati huweza kuwa na uzito kuliko kiasi: kile ambacho mtu mzima anaweza kukistahimili chaweza kuharibu kiungo kinachoumbwa tumboni. La pili ni kwamba madhara yaweza kumwonekania binti, miaka 20 baadaye.

Lipo pia funzo la tatu, ambalo ni letu sisi watu wa lugha. Mama wa mmoja wa wagonjwa ndiye aliyemwuliza daktari iwapo dawa aliyoimeza akiwa mjamzito ingeweza kuwa chanzo cha ugonjwa wa bintiye. Aliijua dawa hiyo na akaweza kuitaja. Kutokana na swali lake, mama wengine wakaulizwa, na fumbo likafumbuliwa. Lau asingelikuwa na jina la kutaja, pengine binti wengi zaidi wangaliumia kabla ya chanzo kujulikana.

Hali Yetu

Nchini Kenya, matumizi ya DDT katika kilimo yalipigwa marufuku mwaka wa 1986. Dawa hii ya wadudu hudumu muda mrefu katika udongo na katika mafuta ya mwili. Utafiti wa Barbara Cohn na wenzake huko California, uliotumia damu iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1960, ulichapishwa mwaka wa 2007. Ulionyesha kwamba wanawake waliofikiwa na DDT kwa wingi kabla ya kutimiza miaka 14 walikuwa na hatari ya saratani ya matiti iliyozidi ya wenzao takribani mara 5. Hapa pia, wakati ndio uliopima madhara.

Suala la nywele nalo linatugusa, kwani nywele za dawa ni jambo la kawaida katika saluni zetu. Mwaka wa 2022 watafiti wa Marekani waliowafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11 waliripoti kwamba waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara 4 kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya maradufu ya wasiozitumia. Uhusiano huu si hukumu kwamba dawa ndiyo iliyosababisha kila ugonjwa. Ni sababu ya kutosha ya kupunguza matumizi.

Ni muhimu tusitie chumvi. Uvimbe wa mji wa mimba, endometriosisi na matatizo ya ovari yana vyanzo vingi, na si haki kumwambia mgonjwa kwamba plastiki ndiyo iliyomdhuru. Vilevile, soya ina estrojeni za mimea ambazo ni dhaifu, na si sumu. Aidha, homoni za kupanga uzazi hutolewa kwa kipimo kinachojulikana, chini ya uangalizi wa mhudumu wa afya; tusizichanganye na kemikali zinazoingia mwilini bila hodi. Tahadhari zifaazo ni nyepesi: chakula cha moto kisitiwe katika plastiki, mkebe wa dawa ya wadudu usigeuzwe kuwa chombo cha maji, mboga iliyonyunyiziwa dawa isichumwe kabla ya siku zilizoagizwa kwisha.

Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Tamaduni zetu zimetupa tafsida nyingi za mambo ya uzazi. Mwanamke huwa 'mwezini', au huwa 'katika siku zake'. Tafsida hizi zina heshima yake, na makala haya hayapendekezi zitupwe. Lakini mbele ya daktari, anayesema tu kwamba tumbo linamuuma, ilhali maumivu yako katika mji wa mimba, anaweza kurudi nyumbani na dawa ya tumbo. Heshima iliyokusudiwa kumsitiri imemficha asionekane.

Kwa maoni yetu, istilahi 'homoni' idumishwe, na ifafanuliwe kwa taswira ya mjumbe badala ya kichocheo. Fauka ya hayo, insha, tamthilia na vipindi vya redio tunavyoviandika viyataje mambo haya kwa majina yake: ovari, mji wa mimba, hedhi, kukoma kwa hedhi.

Hitimisho

Tumeona kwamba homoni ni mjumbe anayenong'ona, na kwamba estrojeni za mazingira huiga sauti yake. Tumeona pia kwamba mama mmoja, kwa swali moja, alisaidia kulifichua zimwi lililokuwa limefunguliwa mlango kwa miaka 30. Mama zetu na dada zetu wana maswali kama hayo. Tuwape maneno ya kuyauliza.