Kwa Nini Mionzi ya Saratani Hutolewa Kidogo Kidogo

Mgonjwa aliyesafiri mbali kufuata tiba ya mionzi hushangaa aelezwapo kuwa atalala chini ya mashine kwa dakika chache tu kila siku, siku tano kwa juma, kwa majuma sita au saba. Mbona asipewe yote mara moja akarudi kwake?

Jibu lilianza kupatikana mjini Paris katika miaka ya 1920, Claudius Regaud alipojaribu kuwahasi kondoo dume kwa mionzi. Kipimo kimoja kikubwa hakikuweza kumhasi mnyama pasipo kuiunguza vibaya ngozi yake. Kilipogawanywa kwa siku kadhaa, mbegu zilikoma na ngozi ikasalimika. Mwenzake, Henri Coutard, akaitumia njia hiyo kwa wagonjwa wa saratani ya koo, na baadhi yao wakapona.

Mionzi hukata nyuzi za urithi zilizomo ndani ya chembe hai. Chembe nzima ikipumzishwa saa sita au zaidi hurekebisha sehemu kubwa ya madhara hayo. Za saratani mara nyingi haziwezi kwa kiasi hicho. Aidha, zilizomo katikati ya uvimbe hukosa oksijeni, hivyo huwa sugu. Za nje zikifa, oksijeni huzifikia za ndani, na kipimo cha kesho huzikuta zimekwisha kuwa dhaifu.

Ustahimilivu wa mwili nao si wa namna moja. Utando wa kinywa hudhurika upesi, lakini hupona ukipewa muda. Uti wa mgongo hauoni athari leo; huharibika baada ya miezi au miaka, na kinachouponza zaidi ni ukubwa wa kila kipimo. Ndiyo sababu ya desturi ya grei 2 kwa siku.

Hata hivyo, kurefusha tiba kuna hatari yake. Katika saratani za kichwa na shingo, baada ya majuma manne hivi chembe zilizosalia huanza kuzaana kwa kasi. Nauli ikikosekana au mashine ikiharibika, juma moja lililopotea laweza kupunguza kwa zaidi ya asilimia 10 uwezekano wa kuudhibiti uvimbe.

Saratani ya matiti ni tofauti, kwani huathiriwa na ukubwa wa kipimo karibu sawa na tishu nzima. Utafiti uliotangazwa Uingereza mwaka 2020 ulionyesha kuwa, baada ya miaka mitano, grei 26 kwa vipimo 5 ndani ya juma moja hazikuwa duni kuliko grei 40 kwa vipimo 15 katika majuma matatu. Kwa mama aliyeacha watoto kijijini, hayo ni majuma mawili aliyorudishiwa.