Vidonge vya majira kwa ajili ya matibabu: je, ni dhambi?

Tuseme binti wa Tunduma, hedhi inamtoka siku kumi, kizunguzungu, shule haendi. Daktari kampa vidonge vya majira. Mama kashtuka: "Sisi Wakatoliki, hivyo si vya kuzuia mimba?"

Subiri kidogo, mama. Mwaka 1968 Papa Paulo wa Sita, katika waraka Humanae Vitae, alikataza kuzuia mimba kwa makusudi. Lakini kifungu cha 15 kinaruhusu dawa inayohitajika kutibu ugonjwa, hata ikijulikana itazuia mimba, mradi hilo silo lengo. Homoni zake hupunguza damu na maumivu. Basi binti ameze, hana dhambi.

Ila asimgawie rafiki! Mwenye presha au kipandauso vinaweza kumdhuru. Na UKIMWI havikingi.